Cha Mfukoni Hakisemwi

Amida alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na ndiyo iliyomlisha kwa miaka kumi na tisa pale mtaani Landless: cha mfukoni hakisemwi. Alifulia watu nguo. Si nguo zozote, maana shuka na soksi kila mtu ana mikono yake. Yeye aliletewa kanzu, makoti, na hasa ovaroli za viwandani, zile zilizoloa wino na grisi ambazo mke wa mtu akizitazama tu mgongo unaanza kumuuma. Alikuwa na namna yake ya kuutoa wino, kwa mafuta ya taa kidogo, sabuni ya mche na maji ya moto, na namna hiyo hakumfundisha mtu.

Kabla ya kuloweka alipekua kila mfuko. Alichokipata alikitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, kisha nguo ikikauka akaibana kwa pini kwenye kola yake: sarafu, funguo, noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nane, kadi ya kliniki ambayo mke hakuijua, picha ya mwanamke ambaye si mke. Hakupunguza, hakuuliza, hakusimulia. Wanaume wa Landless walimficha padri, wakamficha imamu, lakini kwa Amida walikuwa wazi. Na kwa sababu mdomo wake ulikuwa umefungwa hivyo, wanawake wa chama cha Tuinuane walimchagua awe mweka hazina wao.

Alhamisi hiyo mdomo huo ulikuwa unamwasha.

Walikuwa kumi chamani, sita Waislamu na wanne Wakristo. Walipoanza kuweka akiba, Waislamu walisema riba ya benki haitaingia vinywani mwao, na wale wengine wakasema pesa haiwezi kulala chini ya godoro. Wakakutana katikati, kwenye hisa. Wakanunua hisa elfu sitini za kiwanda cha Chania Chapa, shilingi nane kila moja, kwa sababu isiyo na utaalamu wowote: kiwanda walikiona. Kilichapa madaftari ya shule na kalenda, waume za baadhi yao walifanya kazi humo, na lori zake zilipita mbele ya milango yao zikitimua vumbi. "Hii si kununua hewa," mwenyekiti wao, Ndila, alisema siku hiyo, na wote wakakubali.

Kisha kiwanda kikapata mteja mpya, Kwangua Taji, watu wa bahati nasibu. Tikiti unaikwangua upate vijisenti, na namba yake inaingia kwenye droo ya jekipoti kila Jumamosi. Asipopatikana mshindi, pesa zinaongezwa juu ya za wiki inayofuata. Wiki tisa zikapita bila mshindi. Jekipoti ilipofika milioni mia mbili, hata watu wasiowahi kushika karata walipanga foleni. Ikinenepa jekipoti, tikiti zinatoka. Zikitoka tikiti, kiwanda kinachapa. Na kiwanda kikichapa, hisa inapanda. Ile ya shilingi nane ilifika thelathini na moja. Mungu awasamehe, wanawake kumi ambao hakuna hata mmoja aliyecheza kamari walikuwa wakiomba kila Jumamosi, wengine kwa rozari na wengine kwa tasbihi, kwamba asipatikane mshindi.

Ustadh alipoulizwa, hakuzunguka. Alisema faida ile ina kamari ndani yake, watoke. Wakasema ndiyo, watatoka. Lakini mwonja asali haonji mara moja, na zaidi ya hapo kulikuwa na ploti. Walishalipa arbuni ya laki nne kwa ploti moja Gitothua, upande wa Ruiru, wajenge vyumba vya kupangisha. Ilibaki milioni moja na laki sita. Mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na wakikosa, arbuni inapotea na ploti inauzwa kwa mwingine.

Kilichomwasha Amida kilianzia mifukoni. Mwezi uliopita alikuwa akitoa tikiti arobaini, hamsini kwa wiki, nyingine zimekwanguliwa kwa kucha mpaka zikatoboka. Wiki iliyopita alitoa saba. Wiki hii alitoa moja, na ilikuwa kuukuu. Foleni za vibandani zilikuwa zimeisha pia, lakini magazeti yaliandika kwamba watu wanacheza kuliko zamani. Alilizungusha jambo hilo kichwani siku mbili asipate jibu.

Jibu lilikuwa kwenye ovaroli ya Mbuvi.

Mbuvi alikuwa fundi wa mashine pale Chania Chapa, na mkewe, Wayua, alikuwa mwanachama wa Tuinuane. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho. Ingekuwa barua ya hawara, Amida angeianika juani bila kuisoma kama alivyoanika nyingine. Lakini hii ilikuwa na nembo ya kiwanda ambacho chama kilikuwa na hisa zake elfu sitini, na macho yalitangulia kabla ya dhamiri. Kwangua Taji walikuwa wanahamishia mauzo yote kwenye simu. Kitengo cha tikiti kingefungwa mwisho wa mwezi. Mbuvi na wenzake hamsini na wawili walishukuriwa kwa utumishi wao na kuombwa wasitoe habari hizo nje hadi kampuni itakapotangaza rasmi. Barua ilikuwa ya Jumanne.

Watu hawakuwa wamechoka na kamari. Walikuwa wanacheza kwa kidole, na kidole hakiachi kitu mfukoni.

Amida aliikunja barua alivyoikuta, akaitia kwenye bahasha, akaiweka kando ingoje ovaroli ikauke. Kisha akampigia Ndila simu na kumwomba aite kikao jioni ile ile.

* * *

Sebuleni kwa Ndila kulikuwa na chai na mandazi, na wanawake kumi waliokuwa wameacha biashara zao kabla ya kufunga.

"Mama Leila, wewe ndiye umetuita," Ndila alimwambia Amida. "Sema basi, chai inapoa."

"Tuuze," Amida alisema. "Kesho asubuhi. Hisa zote."

"Kesho?" Jentrix, aliyeuza viatu vya mitumba na kuhesabu faida kabla ya mtaji, aliweka kikombe chini. "Na Saturday jekipoti inaingia mia mbili hamsini! Si tungoje hata Monday jamani?"

"Watu hawanunui tena tikiti."

"Nani amekushow?"

"Mifuko. Nilikuwa natoa hamsini kwa wiki. Wiki hii nimetoa moja."

Walicheka. Walicheka kwa mapenzi, lakini walicheka. "Kumbe soko la hisa liko kwa beseni!" Jentrix alisema, na hata Ndila akafuta machozi.

Wayua hakucheka. Alikuwa muuza mboga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujiamini, na alikuwa ameshajiandaa. "Mimi nalala na mtu wa kiwanda," alisema. "Jana tu nimemuuliza Mbuvi. Ameniambia mashine hazilali, shift tatu, na overtime iko. Sasa niamini nani, bwanangu ama mifuko ya watu?"

Amida alitazama mandazi. Barua ilikuwa ya Jumanne, na jana ilikuwa Jumatano. Mbuvi alikuwa amemtazama mkewe machoni, na barua ikiwa mfukoni mwake akamwambia mashine hazilali. Amida alimhurumia na kumchukia kwa pamoja. Neno lilifika kooni. Alijua kwamba akilisema, wote wangeinua mikono hapo hapo. Alijua pia kwamba kesho Landless nzima ingesema mama fua anasoma barua za watu.

"Pia kuna lile la ustadh," alisema badala yake. "Tulisema tutatoka. Ploti inataka pesa wiki ijayo. Tukiuza kesho, pesa zinaingia Wednesday. Tukingoja, hatuna hakika ya kitu."

Hilo liliwagusa. Walipiga kura, wakakubali kuuza: saba upande huu, watatu upande ule. Jentrix alinuna. Lakini Wayua alisimama.

"Katiba ya chama inasema asiyekubali anaweza kubaki na fungu lake. Uzeni zenu. Zangu elfu sita mniwachie."

"Lakini utakuwa umetoka kwa ploti, Wayua," Ndila alimwonya. "Mlipaji ndiye mwenye jina."

"Najua. Zikifika hamsini nitanunua yangu, na nyinyi mtakuja kunikopa maji."

Kikao kiliisha kwa sala mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, kama ilivyokuwa desturi yao. Nje, Wayua alimshika Amida mkono. Hawa wawili hawakuwa marafiki wa jana. Mume wa Amida alipofariki, Wayua ndiye aliyefunga kibanda chake siku saba akapika kwa ajili ya wafiwa, akinunua nyama kwa mchinjaji Mwislamu ili wageni wale bila wasiwasi.

"Mama Leila, niangalie. Kuna kitu unajua?"

"Nimeshasema ya mifuko."

"Hiyo nimesikia. Nauliza kama kuna ingine."

Amida alimwangalia.

"Hakuna," alisema.

* * *

Ijumaa asubuhi Mbuvi alikuja kuchukua ovaroli zake. Aliona bahasha kwenye kola, akaiminya kwa vidole, akajua ni nini.

"Umesoma?"

"Nimesoma. Ni makosa yangu, na Mungu ataniuliza. Lakini mkeo amebakisha hisa zake kwa sababu yako. Mwambie leo, Mbuvi. Soko linafungwa saa tisa. Akinipigia kabla ya saa tisa nitaziuza, hatapoteza kitu."

Mbuvi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, aliyelala saa mbili usiku na kuamka saa kumi alfajiri maisha yake yote. "Nitamwambia. Lakini usinivue nguo mbele ya mke wangu, mama. Wacha nimwambie mwenyewe."

"Kabla ya saa tisa."

"Kabla ya saa tisa."

Amida alimwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Akamwachia jirani mabeseni, akaelekea Ruiru.

Irshad, mtoto wa dada yake, alikuwa wakala wa madalali wa hisa. Ofisi yake ilikuwa Kamakis, pembeni mwa mji huo, ghorofani juu ya mahali pa kuchoma nyama, na karatasi zake zote zilinuka mbuzi. Alimpa mama yake mdogo kiti na soda, akaingiza oda kwenye kompyuta.

"Mamdogo, mna uhakika? Wataalamu wanasema hii itagonga forty."

"Uza elfu hamsini na nne. Elfu sita ni za mwenzetu, ziache."

Wanunuzi walikuwepo tele. Hisa zilitoka kwa mafungu, elfu kumi, elfu nne, elfu ishirini, na kila fungu Irshad aligonga meza kwa furaha. Amida hakufurahi. Aliwaza kwamba kila hisa iliyotoka ilikuwa imeingia kwa mtu, na mtu huyo alikuwa akigonga meza mahali fulani pia. Saa sita na nusu zote zilikuwa zimeuzwa. Angeweza kurudi nyumbani, lakini aliketi pale pale na simu mapajani.

Saa saba ilipita, na saa nane ikapita. Harufu ya nyama ilipanda ngazi, na wateja wa chini wakaanza kucheka kwa sauti ya wikendi. Simu iliita mara moja. Alikuwa mteja aliyeuliza kuhusu koti. Amida alimkatia bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mamdogo, unangoja nani?"

"Mwenye elfu sita."

"Kwani umeskia kitu?" Irshad aligeuza kiti. Alikuwa kijana mwerevu, na Amida aliona macho yake yakiwa madogo. "Kama umeskia kitu, niambie. Account ni ya chama, wewe na chairlady mlishaweka sahihi. Ukisema niuze hizo sita pia, nauza sasa hivi. Hakuna atakayeuliza."

Huo ndio ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Neno moja tu, "uza", na Wayua angekuwa salama, apende asipende. Lakini pesa ile ilikuwa amana, na mwenye amana alikuwa amesema mbele ya watu tisa kwamba zisiguswe. Amida alijiuliza ni dhambi ipi kubwa zaidi, kuvunja amana au kuacha rafiki atumbukie. Saa haikumsubiri.

Saa tisa kasoro dakika sita alimpigia Wayua mwenyewe.

"Mama Leila! Mko wapi? Mmeuza?"

"Tumeuza. Wayua, umeongea na Mbuvi leo?"

"Mbuvi si yuko hapa, tunakunywa uji. Amekuja mapema leo. Kwani?"

Nyuma ya sauti yake Amida alisikia kikohozi cha mwanamume. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha mtu anayesikiliza.

"Alitaka kukuambia kitu," Amida alisema.

"Mbuvi, unataka kuniambia kitu?" Wayua aliuliza akicheka. Kisha akarudi kwenye simu. "Anasema hana. Ni nini, Mama Leila?"

Amida alitazama saa ya ukutani. Ilibaki dakika nne, na dakika nne zilitosha kwa sentensi moja. *Mume wako amefutwa kazi.* Maneno manne tu. Aliona ovaroli, zaidi ya sitini kila wiki, ada ya chuo ya bintiye Leila, kodi, na miaka kumi na tisa ya bahasha zilizobanwa kwa pini. Mdomo wake ulifunguka.

"Nilitaka kujua tu kama ovaroli zimefika," alisema.

"Zimefika, ziko safi. Haya, tutaonana."

Irshad alisema soko limefungwa. Chini, mtu aliagiza kilo mbili na ugali.

* * *

Jumamosi hakupatikana mshindi. Jumatatu hisa ilipanda hadi thelathini na tatu na nusu, na Jentrix akampigia Amida kumwambia, bila salamu, kwamba beseni lake limewapotezea laki moja na elfu thelathini na tano. Wayua hakumcheka. Alimtumia ujumbe tu: *Usijali, Mungu ni wetu sote.* Ujumbe huo ulimuuma Amida kuliko matusi ya Jentrix.

Jumanne asubuhi kampuni ilitangaza.

Sheria ya soko haikuruhusu hisa kushuka zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa siku, kwa hivyo haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka ngazi moja kwa siku, na katika kila ngazi hakukuwa na mnunuzi. Wayua alimpigia Irshad Jumanne mara kumi na moja. Irshad alimjibu kwa adabu kwamba oda imeingia, iko kwenye foleni, mbele yake kuna hisa milioni mbili zinazotaka kuuzwa na hakuna hata mtu mmoja anayetaka kununua. Jumatano ikawa hivyo hivyo. Jumatano hiyo hiyo, milioni moja na laki sita na vijisenti ziliingia kwenye akaunti ya chama, na wanawake wanane wakamwimbia Amida kwenye simu.

Alhamisi Wayua alikuja. Amida alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni. Hakusimama.

"Mbuvi amenieleza yote," Wayua alisema. "Amelia kama mtoto. Akasema, hata Mama Leila alijua, alinisihi nikuambie. Nikamwambia hapana, huyo hakujua, nilimuuliza. Nilimuuliza mlangoni kwa Ndila. Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku hiyo?"

"Siku hiyo."

"Na Friday ukanipigia. Ukaniuliza ovaroli."

Amida alilia. Hakujaribu kujizuia. "Ningesema, Wayua, nani angeniletea nguo tena? Watu wangesema nasoma barua zao. Leila yuko chuo. Nilidhani Mbuvi atasema. Nilimpa mpaka saa tisa."

"Kwa hivyo ulihesabu." Sauti ya Wayua ilikuwa tulivu, na hiyo ilitisha zaidi. "Ukaweka ovaroli upande huu, ukaniweka mimi upande ule, ukapima."

"Nilipima."

"Sawa. Angalau leo umesema ukweli."

Amida alifuta mikono kwenye leso. "Chumba changu Gitothua kikijengwa, kodi yake ichukue wewe. Miaka mitatu, minne. Mimi ile faida ni ya kamari, ustadh aliniambia niitoe. Ichukue wewe."

"Yaani kinachokuchafua wewe ndicho kitanisafisha mimi? Hapana, Mama Leila. Mpe mwingine haramu yako. Mimi nilitaka neno moja, na lilikuwa la bure."

Aliondoka kwa miguu yake ya haraka ya mtu wa sokoni. Amida alibaki na beseni mpaka maji yakapoa.

* * *

Ijumaa walikutana Ruiru, kwa wakili wa mwenye ploti, wanawake tisa katika nguo zao nzuri. Wakili alisoma mkataba na kuwataka wataje majina ya wamiliki. Ndila aliyataja moja moja kwa sauti kubwa, na kila aliyetajwa aliweka sahihi. Kalamu ilipomfikia Amida, Ndila alimshika bega.

"Kabla hujaandika, wacha niseme kitu," mwenyekiti alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Sisi tulikucheka. Huyu mama alisimama peke yake na akatuokoa, jamani. Hata hakusema nilijua, nilijua, kama wengine. Mimi nasema awe mweka hazina mpaka tuzeeke. Mdomo wake ni kufuli."

Walipiga makofi. Jentrix alipiga kuliko wote. Amida aliitazama karatasi, mistari tisa iliyoandaliwa, na pale ambapo mstari wa kumi ungekuwa kulikuwa na muhuri wa wakili. Alijua kwamba akiandika jina lake sasa akanyamaza, atakuwa amenyamaza maisha yake yote.

"Nilijua," alisema.

"Ndiyo, mifuko," Jentrix alisema akicheka.

"Si mifuko ya watu. Mfuko wa Mbuvi. Kulikuwa na barua ya kufutwa kazi. Niliisoma Alhamisi kabla ya kikao. Wayua aliniuliza na nikamwambia hakuna kitu. Nilimwacha abaki na hisa zake huku najua. Nataka aandikwe hapa. Arbuni ya laki nne ilitoka kwa kumi, na yake imo. Kilichobaki nitamlipia mimi pole pole kwa jasho la kufua, si kwa faida ile. Ama mnitoe mimi, mumwandike yeye."

Makofi yalikuwa yamekatika zamani. Wakili aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta klipu. Amida alidhani watamlaani kwa ajili ya Wayua, na alikuwa tayari kulaaniwa.

Lakini hakuna aliyekuwa akimfikiria Wayua. Jentrix aliuvuta mkoba wake kutoka mezani akaupakata. Mwanamke wa mwisho kwenye benchi, ambaye kila Jumatatu alileta kanzu za mumewe, alikuwa ametazama sakafu. Ndila aliuondoa mkono wake begani mwa Amida taratibu.

"Kwa hivyo huwa unasoma," Ndila alisema.

"Hiyo moja tu."

"Koti la bwanangu Urbanus nililokuletea mwezi wa nne. Lilirudi na bahasha." Mwenyekiti alijaribu kutabasamu na hakuweza. "Mimi sikuifungua. Nilimpa vile vile. Ndani kulikuwa na nini, Mama Leila?"

Amida alijua kilichokuwa ndani. Alitikisa kichwa.

"Siwezi kusema, Ndila. Ya watu hayasemwi."

"Si umeanza kusema?" Ndila alivuta kiti, akaketi mbele yake. "Sema."